Makofi ya Helikopta Yapungue, Kiti cha Simuleta Kipewe Heshima Yake

Wadau wa Rock City, ishu iko hivi. Bongo, fundi akichomelea mabomba, akafunga injini, akaweka mapanga juu na kuiita helikopta, siku hiyohiyo mtaa unajaa simu. Watu wanajipiga picha, waandishi wanafika, viongozi wanaahidi kumshika mkono. Ilitokea Tunduma, mkoani Songwe, ambako fundi mmoja alivuma nchi nzima kwa helikopta yake. Kenya wapo kadhaa walioungaunga ndege nyumbani, na Uganda walikuwepo jamaa waliojitangaza kwamba wanaunda ya kwao nyuma ya nyumba. Wote walipata makofi yao, na walistahili, maana kuthubutu si jambo dogo.

Sasa chukulia dogo wa Igoma au Buhongwa, kamaliza form four, ada ya chuo hakuna. Anajifungia chumbani na kompyuta ya mtumba, anaunda kiti chenye usukani na pedo kama cha rubani, halafu anatafuta mota ili kiti kiiname na kulala kama ndege inavyofanya. Huyo hapati kamera. Anachopata ni maneno: "Mtu mzima na gemu!" Mama yake anaulizwa sokoni kama mtoto yuko sawa kichwani.

Hapo ndipo mtaa unapokosea. Kati ya hao wawili, wa kiti ndiye aliye karibu zaidi na ndege ya kweli.

Sababu ni rahisi. Helikopta ya uani inamfundisha mtu kuchomelea. Akijaribu kuirusha, kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Kiti cha simuleta kinamfundisha kurusha, na kosa linamgharimu kubonyeza kitufe tu aanze upya. Anaweza kuanguka mara arobaini kabla ya chai ya saa nne na bado akala ugali na sato mchana.

Wanaosema hiyo ni michezo ya watoto wajue kidogo historia. Simuleta iliyobadilisha mafunzo ya urubani duniani haikutoka kwenye kiwanda cha ndege. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alikamilisha kifaa chake, na ujuzi aliotumia aliupata kwenye kiwanda cha baba yake cha kutengeneza vinanda huko Binghamton, jimbo la New York. Mivukuto ya kusukuma hewa kwenye kinanda aliihamishia chini ya kiboksi chenye mabawa mafupi, kikawa kinainama na kugeuka. Wakubwa wa anga hawakumjali. Wateja wake wa mwanzo walikuwa wenye viwanja vya burudani, watu wanaingiza sarafu wanabembea.

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakaruka usiku na kwenye hali mbaya ya hewa bila mazoezi ya kutosha ya kutegemea vipimo, na kadhaa wakafa ndani ya wiki chache. Baada ya hapo jeshi likanunua vile viboksi sita. Kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Pili, malaki ya marubani walikuwa wamepitia humo. Kilichoitwa mchezo wa watoto kikawa darasa.

Hata lile jukwaa la miguu sita linalobeba simuleta kubwa za mashirika ya ndege lina asili ya kigereji. Miaka ya 1950 huko Uingereza, mhandisi wa Dunlop aitwaye Eric Gough alitengeneza mashine ya miguu sita kwa ajili ya kupima matairi. Ni mwaka 1965 ndipo mhandisi mwingine, Stewart, alipoandika kuhusu jukwaa la aina hiyo kwa ajili ya simuleta za ndege. Kwa hiyo mafundi wa gereji za Nyakato wasijione wako mbali na mambo haya.

Sasa, jukwaa linalocheza linafanya nini hasa? Linadanganya sikio. Ndani ya sikio kuna viungo vinavyoupa mwili habari za kuinama, kugeuka na kuongeza mwendo. Ndege ikikimbia kwenda kuruka, mgongo unabanwa kwenye kiti. Chumbani hakuna njia ya kukimbia, kwa hiyo kiti kinalazwa nyuma taratibu huku picha kwenye skrini ikibaki imenyooka. Uzito wa mwili wenyewe unaubana mgongo, na ubongo unaamini kwamba ndege inaongeza kasi. Baadaye kiti kinarudi katikati polepole sana, kiasi kwamba aliyekaa hashtuki.

Kijana wa mtaani hahitaji miguu sita. Wengi wanaojenga nyumbani duniani huanza na miendo miwili: pua kupanda na kushuka, na kulala kushoto na kulia. Katikati chini ya kiti inawekwa krosi ya propela shafti ili kiti kiiname kila upande. Nyuma zinafungwa mota mbili zenye nguvu, na wengi hutumia mota za waipa za gari. Kila mota inawekewa kipimo cha kujua imefika wapi, na kibodi kidogo cha Arduino kinapokea habari kutoka kwenye kompyuta na kuziamuru mota. Programu ya kurushia nayo isiwe kisingizio, maana FlightGear ni ya bure kabisa. Microsoft Flight Simulator ya 2020 ina picha za setilaiti za dunia nzima, ila hiyo inakula bando na inataka kompyuta yenye misuli.

Lakini sifa zisizidi, ukweli nao una sehemu yake. Vijana wengi wanaanzia mwisho. Wanataka kiti kitikisike kabla hawajajua kusoma kipimo cha mwinuko. Wanataka video ya sekunde kumi na tano ya kuvimbia, washikaji waseme "noma sana", basi. Kiti kinachoruka kama mbuzi hakimfundishi mtu urubani. Kinamfundisha vibaya, maana mwili unazoea mtikisiko ambao ndege haina. Hata kwenye mashirika makubwa wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama jukwaa linamsaidia rubani kujifunza zaidi au linafanya tu zoezi lifanane na kweli. Na vifaa vingi vya mafunzo vinavyokubalika rasmi havisogei hata kidogo.

Mpangilio wenye akili ni huu. Kwanza kiti, usukani na pedo zilizofungwa imara, hata kama skrini ni moja. Pili, miezi ya kujifunza vipimo, ramani, hali ya hewa na Kiingereza cha redio. Tatu, ndipo mota. Na mota zikija, zije na kitufe chekundu cha kukata umeme kilicho karibu na mkono, vizuizi vya chuma ili kiti kisipitilize, na kinga ya kuzuia vidole. Mota inayoweza kuinua mtu mzima inaweza kuvunja kidole cha mdogo wake anayechungulia chini. Umeme ukikatika ghafla, kama unavyojua kukatika, kiti kitue taratibu, kisimwage mtu.

Kwa nini hili liwe jambo la Mwanza na lisiwe la mji mwingine wowote? Kwa sababu ya ziwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 na linajitengenezea hali yake ya hewa. Usiku upepo wa nchi kavu unakutania juu ya maji, mawingu ya radi yanajengeka, na alfajiri wavuvi wanajua kinachowakuta. Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza, pale Ilemela pembeni ya maji, hadi Bukoba ni kama kilomita 170 kwa mstari ulionyooka, na sehemu kubwa ni maji matupu. Kukiwa na wingu zito, maji na mbingu vinakuwa rangi moja. Hakuna mstari wa kumwambia mtu juu ni wapi. Sikio linaanza kusema uongo, mtu anahisi amenyooka kumbe amelala upande. Rubani anafundishwa kuamini vipimo na kulipuuza sikio lake. Hilo ndilo zoezi ambalo kiti kinachocheza kinaweza kulifanya vizuri kuliko skrini peke yake.

Na ziwa hili halina utani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka majini ikikaribia kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ilikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki, 24 wakapona, na wavuvi walikuwa wa kwanza kufika kuokoa. Kiti cha chumbani hakiwezi kuzuia ajali ya namna hiyo, na atakayesema kinaweza ni muongo. Lakini jamii inayoishi kwenye ufukwe huu ina sababu zaidi ya nyingine ya kutaka watoto wake waielewe anga kwa kina. Wapatikane marubani, waongoza ndege, wataalamu wa hali ya hewa, mafundi. Kuishia kupiga selfie dirishani kama mastaa wanaokuja kupiga shoo Kirumba hakutoshi.

Kuna wanaouliza, "Akishamaliza hilo likiti, atapata leseni?" Jibu ni hapana. Saa za chumbani hazihesabiwi. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni kama saa 40 za kuruka, na ya biashara ni saa 200, au 150 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Kuna vipimo vya afya, kuna mitihani, na msimamizi wa yote hapa nchini ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Saa za angani ni hela ndefu, na mtoto wa muuza dagaa hatazipata kwa kudra. Kijana asimdanganye mama yake auze kiwanja kwa matumaini kwamba kiti kitazaa kazi ya urubani.

Ila leseni siyo kipimo pekee. Aliyejenga jukwaa likafanya kazi ameshajifunza umeme, kuchomelea, programu, hesabu za pembe na Kiingereza cha vitabu vya ufundi. Huyo akienda VETA au kwenye karakana ya boti, haingii kama mtu wa kufagia. Na akipata siku moja nafasi ya kukaa kwenye ndege ya mafunzo, hatapoteza saa ya gharama akiuliza kipimo cha mwendo ni kipi.

Mtaani kuna vibanda vya gemu kila kona, watoto wanalipia mechi ya mpira wa kwenye skrini, na hakuna anayepiga kelele. Kiti kimoja cha simuleta kwenye kibanda kama hicho, au kwenye sekondari moja ya kata chenye mwalimu wa fizikia pembeni, kingefanya kazi zaidi ya mabango mengi ya kuhamasisha sayansi. Wenye hela mjini wanachangia harusi mamilioni bila kukuna kichwa. Kompyuta moja nzuri na vyuma vya skrepa haviwashindi.

Kwa hiyo fundi wa helikopta aendelee kupewa mkono, ila aambiwe ukweli kuhusu usalama wake. Na dogo wa kiti asiitwe mgonjwa wa gemu. Aulizwe swali moja tu: leo umevuka ziwa kwenye wingu kwa kufuata vipimo, au umetikisika tu? Akijibu la kwanza, mama yake atembee kifua mbele pale sokoni.

Wewe mdau, wa mtaani kwako ni yupi, na ulimwambia nini mara ya mwisho?