Filamu kuhusu haki za mwanamke wa Kiislamu Tunduma: nani achangie, kwa masharti gani?

Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni Tunduma kabla ya kuvuka kuingia Nakonde. Biashara ya mpakani imeleta watu wa kila pembe ya nchi, Waislamu wakiwemo, katika mkoa wa Songwe ambao wakazi wake wengi ni Wakristo. Wapo wanandoa wanaoishi hapa mbali na wazee wao: mume yuko safarini, mke yuko dukani. Ndoa ikiyumba, hakuna mjomba wala shangazi wa karibu wa kuwaweka kitako.

Hapo ndipo maswali huanza. Talaka imekamilika lini? Nyumba iliyojengwa wakati wa ndoa ni ya nani? Madai ya eda na matunzo ya watoto yanadaiwa wapi? Filamu ya makala ya nusu saa, inayoweza kutumwa kwenye simu na kuonyeshwa kwenye vikao vya vikoba, ingeyajibu vizuri kuliko kitabu cha sheria. Kikwazo ni fedha. Lakini tunaona swali la nani anatoa fedha ni zito kuliko la kiasi gani.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya Kiislamu. Mgogoro hupelekwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi, na kwa Waislamu mara nyingi ni la BAKWATA. Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa hati na shauri huenda mahakamani, ikiwemo Mahakama ya Mwanzo. Talaka aliyotamka mume huzingatiwa na mahakama, lakini amri ya kuvunja ndoa na mgawanyo wa mali hutolewa na mahakama yenyewe. Kwa upande wa dini, mahari ni mali ya mke, ana fungu lake katika mirathi, na anaweza kuomba kuachika kwa khului. Kwa hiyo haki zipo. Wengi hawazijui, au hawajui mlango wa kubisha.

Mfano mkubwa kuliko yote ni kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Hadi leo wanawake wa dini zote Tanzania wanafaidika na uamuzi huo. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao: mahakama iliona kwamba mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitapanya.

Mfadhili anayetaka hadithi ya ushindi angependa sehemu hiyo ya mwisho ikatwe. Anayetaka kuonyesha kwamba dini inamkandamiza mwanamke angekata ile ya mahari na khului. Mtazamaji wa Tunduma anazihitaji zote mbili, kwa sababu kesho ni yeye atakayesimama mbele ya hakimu.

Fedha zinaweza kutoka wapi? Mlango wa kwanza ni mashirika ya nje, yenye uwezo mkubwa lakini pia yenye malengo yao. Wa pili ni mifuko ya kanda hii kama Docubox ya Nairobi, iliyoanzishwa na mtengenezaji filamu Judy Kibinge ili kusaidia filamu za makala za Afrika Mashariki. Wa tatu ni Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa hapa nchini, lakini huo hutoa mikopo, na filamu ya kuelimisha haiuziki kirahisi kiasi cha kurudisha mkopo. Wa nne tunaujua vizuri sana: mchango. Kamati ya harusi inakusanya mamilioni kwa wiki chache, yenye mweka hazina na daftari la ahadi. Utaratibu huo huo unaweza kulipa nauli, chakula na siku za mpiga picha, hata kama hautatosha kumlipa mhariri.

Mchango wa nyumbani, hata ukiwa mdogo, una faida moja kubwa. Kundi linalokwenda kwa mfadhili likiwa tayari na sehemu ya fedha, na kibali cha Bodi ya Filamu mkononi, lina nguvu ya kukataa masharti.

Na masharti ya kuandika kwenye mkataba ni machache. Uamuzi wa mwisho wa kipi kibaki na kipi kitoke uwe wa watengenezaji. Mwanamke anayesimulia aione filamu kabla haijatoka, na aweze kujitoa au kufichwa sura. Sheikh, kadhi na mwanasheria wasikike pamoja. Mapato na matumizi yasomwe hadharani kwa waliochangia.

Mfadhili akishapata ripoti yake, anaondoka. Mwanamke aliyesimulia habari za ndoa yake atabaki Tunduma, sokoni na msikitini, kati ya watu walewale walioiona filamu. Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, huyo ndiye wa kuulizwa.