Sifa ya Kulipa Haiuzwi Sokoni

Katika inchi ya Marekani kuna biashara inayotuhusu sisi pia, maana ndugu zetu wengi waliotoka Kivu na kupita katika kambi za wakimbizi wanaishi kule leo. Wanatafuta nyumba na motokari, na wachuuzi wa maneno matamu wanawangojea njiani. Tusinyamaze.

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Kule mtu hapewi mkopo kwa kutazamwa uso. Kampuni tatu kubwa, Equifax, Experian na TransUnion, zinaandika namna kila mtu anavyolipa madeni yake. Katika habari hizo inatolewa hesabu ya uaminifu. Ile ijulikanayo zaidi inaitwa FICO: inaanza kwa 300, inafika 850. Sehemu 35 katika 100 zinatoka katika kulipa kwa wakati, sehemu 30 katika ukubwa wa madeni, na sehemu 15 katika wingi wa miaka. Mwenye hesabu ndogo ananyimwa mkopo, ao anatozwa riba kubwa.

Sasa ona hila. Mwenye karte ya mkopo anaweza kuomba banki iandike jina la mtu mwingine, kama mtu aliyeruhusiwa kuitumia. Mara nyingi historia yote ya karte ile inaingia katika habari za huyo mwingine pia, kana kwamba yeye ndiye aliyelipa miaka yote. Mume anamfanyia mkewe hivi, baba anamfanyia mwanawe. Lakini wachuuzi wanauza nafasi hiyo kwa wageni kabisa. Mnunuzi hapewi karte, wala hamjui mwenyewe. Jina lake linakaa pale mwezi mmoja ao miwili, kisha linafutwa. Amenunua nini basi? Amenunua ushuhuda. Anasimama mbele ya mkopeshaji na kusema: «Tazama, nimelipa vema miaka 10», naye hakulipa hata siku moja.

Wengine watasema: «Nani ameibiwa? Mwenyewe amekubali, mnunuzi ametoa feza, banki imeandika.» Tunajibu: yuko wa tatu asiyeulizwa. Mkopeshaji anatoa mali kwa kusadiki habari ya kutungwa. Na mnunuzi mwenyewe anabebeshwa mzigo ambao mabega yake hayajapimwa. Siku nyumba itakaponyang'anywa, mchuuzi hataonekana.

Kwetu, anayesimama kwa ajili ya mwenzake mbele ya mkopeshaji anajua kwamba mwenzake akishindwa, yeye atalipa. Ndiyo sababu neno lake lina uzito. Muuzaji wa nafasi hasimami kwa deni lolote la mnunuzi. Anapokea feza na kwenda zake. Huo si msaada, ni ushuhuda wa uwongo. Na amri ya nane haikusema kwamba uwongo ulioandikwa na mashini ni uwongo mdogo.

Tuulize tena: mlango huu ulifunguliwa kwa ajili ya nani? Zamani kule deni la nyumbani liliandikwa mara nyingi kwa jina la mume peke yake. Mke aliyelipa pamoja naye miaka mingi, akifiwa ao akiachwa, alionekana mbele ya banki kama mtu asiyelipa kitu maishani. Mwaka 1974 sheria ilikataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ni mwanamke ao kwa sababu ya hali ya ndoa. Kanuni zake zikaamuru kwamba akaunti wanayoitumia mume na mke iandikwe kwa majina yao wote wawili. Ilikuwa haki, maana ilisema kweli.

Wachuuzi wakaingia kwa mlango huo huo. Mwaka 2007 kampuni ya Fair Isaac, inayotengeneza FICO, ilitangaza kwamba hesabu yake mpya haitatazama tena majina ya namna hiyo. Mjane na kijana wangeazibiwa kwa kosa la wachuuzi! Mwaka 2008 ikageuza shauri, ikaacha mlango wazi na kutafuta njia ya kuwazuia wachuuzi tu. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilishitaki kampuni moja ya Colorado iliyouza nafasi hizo. Mnaona? Anayeuza uwongo anaharibu kweli ya wengine.

Limebaki neno moja zito: «Mtoto wa tajiri anapewa sifa bure na baba yake; kwa nini maskini asinunue?» Hatulidharau neno hili. Mgeni aliyelipa kodi ya nyumba kila mwezi kwa miaka mitano anaweza kuonekana kama hajalipa kitu, maana mara nyingi kodi haiandikwi. Huo ni uonevu. Na baba tajiri naye asimpe mwanawe jina tupu. Amfundishe kulipa, walipe pamoja. Lakini mzani mbovu hautengenezwi kwa kuweka jiwe la uwongo upande wako. Tudai mzani upime kweli yote.

Jambo hili linawezekana. Kule San Francisco shirika la Mission Asset Fund limechukua desturi tunayoijua vema, ile ya likelemba: watu wanachanga, na kila mmoja anapokea kwa zamu yake, bila riba. Shirika linapeleka habari ya kila malipo kwa kampuni zinazoandika madeni. Tena ziko karte za banki ambazo mtu anaweka kwanza amana yake mwenyewe, kisha anakopa kidogo na kulipa. Njia hizo ni za polepole, lakini sifa inayopatikana ni yake kweli.

Basi, wewe mwenye karte, msaidie wa nyumba yako ambaye mnabeba mzigo pamoja, wala usiliuze jina lako kwa usiyemjua. Nawe unayetafuta nyumba, usinunue miaka ambayo hukuiishi. Lipa deni dogo leo, lipa tena mwezi ujao. Banki ikisoma jina lako, isome kazi yako.