Afisa wa Probesheni si Mlinzi wa Wezi

Iko kauli moja ambayo umeisikia, msomaji, na yamkini umepata kuisema mwenyewe. Mtu ameshitakiwa kwa wizi, hatia imethibitika, watu wamejaa kortini wakingoja kusikia atafungwa miaka mingapi. Kisha hakimu asema kwamba mshitakiwa atarudi kwao, akae chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni. Papo hapo minong'ono huanza: "Ameachiliwa! Sheria imekuwa rafiki ya wezi." Kauli hiyo si ya kweli, nami nakusudia kuipinga, maana huwadhuru watu watatu kwa pigo moja: aliyekosa, aliyekosewa, na afisa anayehangaika kati yao.

Desturi hii haikuzuliwa na watu wavivu wa kuadhibu. Mwaka 1841 fundi wa viatu wa mji wa Boston, Marekani, jina lake John Augustus, alimdhamini mlevi mmoja aliyekuwa karibu kutiwa kifungoni. Baada ya majuma matatu alimrudisha mbele ya hakimu akiwa mtu mwingine kabisa, naye akatozwa senti moja na gharama za kesi. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1907. Kenya ilipata ya kwake mwaka 1943, wakati wa ukoloni, na mwaka 1998 ikaongezwa ile ya huduma kwa jamii, ambayo kwayo mkosaji hufanya kazi ya umma pasipo ujira.

Sasa pima mwenyewe kama huko ni kuachiliwa. Amri ya probesheni haipungui miezi 6 wala haizidi miaka 3. Kabla ya kuitoa, hakimu hana budi kumweleza mshitakiwa maana yake kwa maneno mepesi, na mshitakiwa asipokubali kutii, amri haitolewi. Akiyavunja masharti hurudishwa kortini, akaadhibiwa kwa kosa lile lile la kwanza. Gerezani mtu huambiwa saa ya kuamka, saa ya kula na saa ya kulala. Hana haja ya kujitawala. Aliye nje humpasa apite kila siku mbele ya duka alilolivunja, aamkiane na mwenye duka, na auzuie mkono wake. Niambie, kati ya hawa wawili, ni yupi aliyepewa kazi nzito?

Na afisa naye, wadhani hukaa ofisini akipiga mihuri? Kabla ya hukumu huenda nyumbani kwa mshitakiwa akaketi na mama yake. Humwuliza chifu, humwuliza mwalimu, humwuliza na yule aliyeibiwa, kisha humwandikia hakimu ripoti. Baada ya hukumu safari huanza upya, juu ya pikipiki au kwa miguu, kwenye vumbi na matope, kuhakikisha kwamba kijana yuko kwao na anashika kazi. Sisemi kwamba kila mkosaji afaa kurudishwa nyumbani. Yuko mtu ambaye akiachwa nje jioni moja, jirani zake hawatalala. Huyo gereza ni mahali pake, na ripoti ya afisa huyo huyo yaweza kusema hivyo waziwazi.

Wapinzani wangu hupenda kunijibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Vema. Lakini samaki hukunjwa kwa mkono. Hao wanaoitaja methali hii aghalabu ndio wanaosema kijana apelekwe mbali, mkono wa mtu yeyote usimfikie, akae na wezi waliobobea, halafu arejee kijijini tushangae jinsi alivyokauka.

Ningeweza kukomea hapa nikaonekana mtu mwema. Haitakuwa haki. Miaka michache iliyopita, katika shule niliyokuwa nikifundisha, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne, mwenye umri wa miaka 19, aliiba pampu ya maji ya mkulima jirani, akaiuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Sukuma wiki ya mzee yule ilinyauka yote. Korti ilimweka kijana chini ya probesheni kwa mwaka mmoja, arudi masomoni, na ailipe pampu kidogo kidogo. Walimu tulikutana. Ikasemwa kwamba jina la shule litachafuka, na kwamba wazazi watalalamika. Tulipoulizwa ni nani wasiotaka arudi, mikono ikanyoshwa, na wangu ulikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimejifunza chuoni mambo mengi juu ya malezi ya vijana, na siku hiyo sikulikumbuka hata moja.

Afisa wake, mama wa makamo, alikuja shuleni viatu vikiwa vyekundu kwa udongo. Hakutukemea. Aliuliza tu, "Sasa walimu, mwanishauri nimpeleke wapi?" Hatukuwa na jibu, tukamkaribisha chai. Nilipomsindikiza langoni nilimwambia, kwa kujitetea, kwamba nilimwonea huruma mzee aliyeibiwa. Akaniambia niende nikamsikilize mzee mwenyewe.

Nilikwenda. Mzee alikuwa akimwagilia kwa ndoo. "Mwalimu," akasema, "huyo akifungwa, atakayelipa pampu yangu ni nani? Ni wewe?" Kisha akanionyesha daftari dogo ambamo alikuwa akiandika kila shilingi aliyoletewa na kijana. Msomaji, mtu aliyepata hasara ndiye aliyeifahamu hukumu ile. Sisi ambao hatukupoteza hata jani moja la sukuma ndio tuliodai alipiziwe kisasi.

Basi utakapomsikia mtu akilalamika kwamba mwizi ameachiliwa, mwulize yeye ametoa nini ili mwizi huyo asiibe tena: amempa jembe la kulimia, au dawati la kusomea, au hata salamu njiani? Maana sisi huwafungia milango, kisha wakirudia makosa twasema afisa ameshindwa kazi.

Kijana yule alilima mashamba ya watu kwa vibarua. Malipo ya mwisho ya pampu aliyatoa mwezi wa Agosti, miezi miwili kabla ya muda wa amri kwisha. Mtihani hakuufanya mwaka huo. Dawati lake lilikaa tupu, safu ya pili karibu na dirisha, hata muhula ukaisha.