Neno la Pasta kwa Jamaa: Vidole vya nyoka



Mwezi huu ninajibu ulizo la mama mmoja wa kanisa letu. Alikuja kwangu asubuhi pamoja na kijana wake wa miaka 17, mpiga gitare wa koro ya vijana. Mkono wa kuume wa kijana ulikuwa umefungwa plasta. Mama akaniambia: « Baba Pasta, angalia mutoto. Kila mangaribi anaenda kujifunza kung-fu. Anarudia anafanya mikono sawa nyoka, ananiambia: mama, usiogope, miye nitakuchunga. Sasa angalia! Ile kitu ni ya Mungu ao ni ya shetani? »

Nilimwuliza kijana mwenyewe. Alikuwa anatoka soko usiku, amebeba feza ya unga ambayo mama yake aliuzisha siku ile. Watu wawili wakamsimamisha katika njia. Yeye hakukimbia, hakulalamika. Alisimama vile alivyofundishwa, akanyoosha vidole viwili kwa kumpiga mmoja katika macho. Yule mtu akainamisha kichwa, jambo ambalo kila mtu anafanya akiona kitu kinakuja machoni. Vidole vikagonga mufupa wa kipaji. Vikavunjika. Feza ikaenda, na kijana akapigwa mateke juu yake.

Wapendwa, sitaki kumcheka. Mimi pia nilikuwa mtoto wa nyumba za video. Tulilipa kidogo, tukakaa chini kwa jamvi, tukaangalia filamu za Hong Kong mpaka kichwa kinauma. Wengi mnakumbuka ile ya mwaka 1978, *Snake in the Eagle's Shadow*. Ndani yake Jackie Chan anaangalia paka anapigana na nyoka, halafu anajifanyia namna yake ya kupigana, na adui wote wanaanguka. Tulipotoka nje, kila mtoto alikuwa paka ao nyoka. Leo vijana wanaziona katika simu, lakini mikono ni ile ile.

Basi tuulize vizuri: mambo haya ya nyama, yanatoka wapi, na yanasaidia kweli siku ya hatari?

Yanatoka Uchina. Huko kuna desturi ya nyama watano: tigre, chui, nyoka, korongo na joka. Tigre anafundisha mikono kukamata na kuvuta kwa nguvu. Chui anafundisha ngumi iliyokunjwa nusu. Korongo anafundisha kusimama juu ya mguu mmoja na kukwepa. Nyoka anafundisha kulenga mahali palaini, macho na shingo, kwa ncha za vidole. Na joka? Joka hakuna mtu aliyemwona. Tena kuna namna ya nyani, na ya vunjajungu. Kuna pia michezo ya nyama ambayo si ya vita hata kidogo. Wachina wanasema munganga wao Hua Tuo, aliyeishi zaidi ya miaka 1800 iliyopita, aliwafundisha watu kujinyoosha sawa tigre, kulungu, dubu, nyani na ndege, kusudi mwili uwe na afya. Mpaka leo wazee wa Uchina wanafanya mazoezi ya namna ile.

Kwa mwili, basi, faida iko. Kijana anayesimama sawa korongo kila siku anapata miguu yenye kutulia. Anayefanya mikono ya tigre anapata vidole vyenye nguvu. Anajifunza kutii mwalimu, na mangaribi yake haipiti katika pombe. Hayo siyakatai.

Lakini tuangalie nyama yenyewe. Nyoka haui juu ya namna anavyosimama. Anaua kwa sumu. Tigre ana kucha na meno, na kilo nyingi kuliko mtu. Korongo, akikwepa na ikashindikana, anaruka, anaenda zake. Sisi tunachukua mkao wa nyama, lakini sumu, kucha na mabawa vinabaki kwake. Kidole cha mtu ni mifupa midogo tu. Kinaweza kushinda jicho, kama jicho linakingoja. Jicho halingoji.

Kuna habari moja ya kweli ambayo kila kijana wa kung-fu anapaswa kuijua. Tarehe 17 Januari 1954, katika mji wa Macau karibu na Hong Kong, walimu wawili wakubwa walipanda katika ulingo mbele ya watu wengi. Mmoja ni Wu Gongyi, mwalimu wa tai chi, mwenye miaka zaidi ya 50. Mwingine ni Chan Hak-fu, mwalimu wa namna ya korongo mweupe, kijana kuliko yeye. Matiketi yaliuzwa kwa kusaidia wenye shida. Watu walingojea kuona korongo. Pambano lile lilipigwa filamu, na hata leo linaonekana. Hauoni korongo ndani yake. Unaona watu wawili wanatupa mikono ovyo, wanapigana puani, damu inatoka. Katika raundi ya pili waamuzi wakasimamisha, na hakuna aliyetangazwa mshindi.

Sasa sikieni yaliyofuata. Siku tatu tu nyuma yake, gazeti moja la Hong Kong likaanza kuchapa hadisi ya wapiganaji, iliyoandikwa na Liang Yusheng, juu watu walikuwa na hamu ya mambo yale. Watu wakaipenda sana, waandishi wengine wakafuata, na nyuma ya hadisi zikaja filamu nyingi. Kumbe katika karatasi na katika filamu korongo alipigana vizuri kuliko katika ulingo! Na ni yule korongo wa filamu aliyefika kwetu katika kasete.

Je, walimu wale walikuwa waongo? Hapana. Walijua mambo mengi. Lakini mtu anaweza kufanya fomu miaka 20 mbele ya hewa, na hewa haijamrudishia pigo hata moja. Siku adui anarudisha, mwili unasahau.

Mjapani Jigoro Kano aliliona jambo hili. Alipoanzisha judo mwaka 1882, aliondoa katika mazoezi mapigo ya hatari, yale ya kuvunja na kuumiza, kusudi wanafunzi waweze kushindana kwa nguvu zao zote bila kuuana. Pigo ambalo mtu hawezi kulijaribu juu ya rafiki yake, hawezi kujua kama linafaa. Lakini kuangusha mwenye kukataa kuanguka, hilo wanalijaribu kila siku. Ndiyo maana linafaa.

Na sisi Wakongomani tuna mushuhuda wetu. Muhammad Ali alijulikana kwa kujilinganisha na kipepeo na nyuki. Lakini pale Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, hakumshinda George Foreman kwa kuruka sawa kipepeo. Aliegemea kamba, akajifunika, akamwacha Foreman apige mpaka achoke, halafu katika raundi ya 8 akamwangusha. Aliweza kuvumilia mapigo yale kwa sababu katika mazoezi wenzake walikuwa wanampiga ngumi za kweli. Kipepeo lilikuwa neno. Mazoezi ndiyo yaliyomchunga.

Fungueni Biblia zenu katika 1 Samweli 17. Sauli alimvalisha Daudi silaha zake za mufalme, kofia ya shaba na upanga. Daudi akazivua. Hakusema ni mbaya. Alisema hajazijaribu. Alichukua kombeo, kitu cha mchungaji, naye alikuwa amekwisha kuchunga kondoo mbele ya simba na dubu. Angalieni pia: Daudi hakujifanya simba. Alikuwa amepambana na simba, na Mungu alimwokoa. Ndilo jambo alilomshuhudia Sauli. Na katika Matayo 10 Bwana Yesu mwenyewe anatuambia tujifunze kwa nyoka. Lakini anatuma tujifunze akili yake, si kuuma kwake, na palepale anamtia njiwa pembeni yake. Nyoka mwenye akili, akisikia miguu ya watu wengi, anafanya nini? Anaondoka.

Basi, mama, jibu langu ni hili. Kunyoosha mkono sawa nyoka si shetani. Lakini kama mwalimu anamwambia mutoto ainamie sanamu, aite roho ya nyama, ao anunue dawa ya kufanya mwili usiumie, mutoto atoke pale siku ile ile. Nilienda kumwona mwalimu wa kijana wako. Ni mtu mwema. Aliniambia wazi: « Pasta, hatuna glavu, hatuna matandiko ya kuangukia. Tunafanya fomu tu. » Nilimwomba awaambie vijana maneno yale yale aliyoniambia mimi. Akakubali. Uongo wa hatari ulikuwa pale: kijana alifikiri ana silaha, kumbe ana mazoezi.

Kwa ninyi vijana, hasa mnaopita usiku na feza ya soko ao ya mgodi:

1. Jiulize: pigo hili, nimelijaribu mara ngapi juu ya mtu anayekataa? Kama jibu ni hapana hata mara moja, usiliwekee uzima wako.

2. Mkitaka kujifunza kujichunga, tafuteni mahali ambapo watu wanashindana kweli, pamoja na mwalimu mwenye kusimamia: judo, ao mchezo wa ngumi wenye glavu. Fomu za nyama zifanyeni kwa afya na furaha.

3. Mwizi akikuomba feza, toa feza. Ukipata nafasi, kimbia. Feza ya unga inatafutwa tena. Afazali kurudia nyumbani mikono mitupu kuliko kukosa kurudia.

4. Wababa, musitume mutoto peke yake na feza usiku, halafu mumwite mwoga akiikosa. Wengi wanapigana juu wanaogopa sauti ya baba kuliko kisu cha mwizi.

Plasta iliondolewa nyuma ya majuma sita. Kidole kimoja hakijakunjika vizuri bado, na gitare linamsumbua. Lakini juma lililopita alipiga nyimbo mbili katika ibada, polepole. Mama yake alikuwa anaimba kwa nguvu kuliko wote.

Bwana awachunge katika njia zenu zote. Tuonane mwezi ujao.