Jiko la mkaa lisilale chumbani

Baridi ya Juni na Julai ikibana Njombe na Mbeya, wazazi wengi huingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Moshi ukiisha na mkaa ukikolea, mama huona sasa ni salama. Sivyo.

Mkaa uliokolea hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na aliyelala anaweza kufa bila kushtuka.

Mtoto akilalamika kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mtoe nje haraka, kisha mpeleke hospitali.

Mzazi, usiku jiko libaki nje. Ndani, mvalishe mtoto soksi na sweta, umuongezee blanketi.