Haki ya mkimbizi Kitengela sasa imo mikononi mwa kaunti

MJADALA kuhusu wakimbizi nchini huishia Dadaab na Kakuma, kana kwamba hakuna mkimbizi anayelipa kodi ya nyumba mjini. Ilhali Kitengela, mji uliokuwa na zaidi ya watu 150,000 katika sensa ya 2019, una familia kutoka Sudan Kusini na Congo zinazoishi miongoni mwa wenyeji.

Haki ya kuishi mijini ilipiganiwa. Desemba 2012, serikali iliamuru wakimbizi wa mijini wahamie kambini. Kituo cha Sheria, shirika la kutetea wanyonge, pamoja na wakimbizi saba, walienda mahakamani. Julai 2013, Jaji David Majanja alibatilisha agizo hilo.

Machi 2014, agizo kama hilo lilitolewa upya na Waziri wa Usalama wa wakati huo, Bw Joseph ole Lenku. Msako wa Usalama Watch ukafuata, maelfu wakakamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani.

Mwaka wa 2017, Bw Lenku alichaguliwa Gavana wa Kajiado, kaunti iliko Kitengela, na akachaguliwa tena 2022. Sheria nayo ilikuwa imebadilika. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na biashara, japo bado inatambua maeneo maalumu ya wakimbizi kuishi.

Hapa ndipo watetezi wa haki wanapaswa kuelekeza macho. Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti utoaji wa leseni za biashara, zahanati na elimu ya chekechea. Fundi cherehani akinyimwa leseni kwa kuwa karani hatambui kitambulisho cha mkimbizi, ushindi wa mahakamani hubaki kwenye karatasi.

Wapo wenyeji watakaouliza kwa nini mgeni asaidiwe ilhali vijana wao hawana ajira. Swali hilo lina uzito. Lakini mfanyabiashara asiye na leseni hailipi kaunti ada. Pesa zake huishia mifukoni mwa wanaomtishia kumkamata.

Katiba inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi ya kaunti. Wanaharakati wa Kitengela wasingoje msako mwingine ndipo wakimbilie mahakamani Nairobi. Waanzie Kajiado, bajeti inapojadiliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hakuna atakayepona iwapo mgeni ataishi mafichoni.