Ya Birmingham tunapokea, ya TASAF tunaita uvivu

Ndugu zangu,

Jambo hili limenikera siku nyingi, leo nalisema.

Hapa Birmingham, Sparkbrook mpaka Small Heath, mtu wetu ambaye viza yake inamruhusu, akishapata mtoto anajaza fomu ya posho ya mtoto. Haoni haya, wala hana sababu. Lakini huyo huyo akisikia mama wa kijijini kapokea fedha za TASAF, anasema serikali inafuga wavivu. Hivi kweli?

Posho hii haikudondoka kutoka mbinguni. Eleanor Rathbone aliipigania miaka mingi, sheria ikapita 1945, malipo yakaanza 1946: shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Nchi ilikuwa imetoka vitani, imelemewa na madeni. Na Rathbone alishikilia fedha apewe mama, maana ndiye anayejua chungu kina nini.

Siasa zikiingia, anayeumia ni mtoto. Tangu Aprili 2017, familia yenye kipato kidogo ikizaa mtoto wa tatu ilinyimwa nyongeza yake, ingawa posho yenyewe haikuguswa. Mpaka Novemba 2025 ndipo serikali ikatangaza kukifuta kikomo hicho kuanzia Aprili 2026.

Sasa tuje nyumbani. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, Bara na Visiwani, unamtaka mama apeleke watoto shule na kliniki. Huo ni uvivu gani? Kasoro zipo: malipo huchelewa, na watu hunung'unika kuwa mwenye nacho kaandikwa, mjane kaachwa. Tuziseme. Lakini kubwa kuliko zote ni kwamba mpango umeegemea mno mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili. Mfadhili akikunja mkeka wake, mama yule atamdai nani? Huku posho ni sheria. Ukinyimwa unakata rufaa.

Kuna watakaosema, "Sisi tunatuma pesa." Sawa, zinamfika mwenye ndugu Ulaya. Asiye na ndugu Ulaya je?

Kura hatupigi kutoka huku, lakini jamaa zetu wanapiga, na simu tunazo. Tuache kebehi. Tuwaambie wawabane wabunge wao posho ya mtoto iwe haki ya kisheria, yenye fungu lake katika bajeti yetu wenyewe.

Naomba kuwasilisha.